Bafu ya Basoda

Jumapili, mwezi wa nane. Upepo tangu asubuhi. Ziwa limejaa mapovu meupe, na bati moja la jikoni kwetu linagonga kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango.

Sauti yangu imekauka.

Naandika tena ili niamini mwenyewe: sauti yangu imekauka kwa sababu ya kusema. Mama amenipa maji ya moto yenye asali, na ananitazama kama mgeni aliyeshuka sasa hivi kwenye boti. Darasani mimi hukaa karibu na dirisha. Mwalimu akiuliza swali, jibu naliandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, kisha nalifuta. Ndiyo maana hata blogu hii naiandika kwa Kiswahili, lugha ya Papa, ambaye ni mtu wa ng'ambo, wa Kongo. Hapa Nchelenge wenzangu wa shule wanaongea Kibemba na Kiingereza, na Kiswahili wanacho cha sokoni tu, cha kubishania bei ya samaki. Nimejificha mbele ya macho yao, na hadi juzi nilifurahia sana maficho haya.

Jana sikujificha. Nataka kuandika yote kabla harufu ya samaki haijatoka vidoleni.

Likizo hii nilikwenda kisiwani Kilwa, kwa Mama Mukubwa, dada yake mkubwa Mama. Ni Kilwa yetu ya Ziwa Mweru, si ile ya baharini, ambako kila kitabu hunipeleka nikitafuta habari za hii. Mama Mukubwa anakausha chisense, vile vidagaa vidogo vyeupe vya ziwa letu, na anaviuza kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kashikishi. Nilikwenda kumsaidia. Ukweli ni kwamba nilikwenda pia kwa ajili ya magofu.

Yako mawili, yote ya matofali ya kuchoma, yote ya enzi za wazungu. La kwanza liko kilimani: kuta ndefu, mlango mmoja, madirisha madogo yaliyo juu sana. Hilo linaitwa Kanisa la Zamani. Halina paa, lakini kila mwaka uvuvi unapofunguliwa baada ya miezi ya katazo, watu hupanda kule kuimba na kushukuru. La pili liko chini, karibu na maji: kuta nene, madirisha mapana, na sakafu nzuri ya matofali. Hilo linaitwa Boma. Wanasema humo alikaa muzungu wa kodi pamoja na basoda wake, yaani askari. Hakuna anayeliheshimu. Wanawake huanika chisense humo kwa sababu sakafu haina mchanga. Katikati ya sakafu kuna shimo la mstatili, limejengwa kwa matofali, kina chake kinanifika kiunoni. Jina lake ni Bafu ya Basoda. Wanawake hulijaza maji kwa ndoo na kufulia vyandarua vya kuanikia.

Mwaka huu kanisa liliamua kuliezeka Kanisa la Zamani. Mabati yalikuwa yamefika, Papa mwenyewe ndiye aliyeyavusha. Lakini kuta za kilimani zimeanguka sehemu, na matofali hayakutosha. Ba Kabwe ("Ba" ni heshima yetu kwa wakubwa), fundi wa ujenzi, akatoa wazo: livunjwe Boma, matofali yake yapandishwe juu. Watu wakapiga makofi. Nyumba ya kodi ibomolewe, ijenge nyumba ya Mungu! Hata mimi nilipoambiwa niliona ni hadithi nzuri.

Kazi ilipangwa Jumamosi. Yaani jana.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa ndani ya Bafu, maji kiunoni, nasugua vyandarua. Mama Mukubwa alikuwa juu anageuza samaki na kunikaripia kwamba nasugua kama mtu anayembembeleza mtoto. Niliposhika ukingo ili nitoke, nilijikuta upande usio wangu. Nilikuwa nimeingilia ngazi za upande wa machweo. Mbele yangu zilikuwapo ngazi nyingine, za upande wa macheo, zimelika katikati kwa kukanyagwa kama zile za kwanza.

Nilisimama nikizitazama hadi Mama Mukubwa akauliza kama nimeona nyoka.

Shuleni tuna kitabu kikubwa cha majengo ya kale. Kurasa zake za mwisho zimeliwa na mchwa. Nilichojifunza humo ni hiki: ukitaka kujua jengo lilikuwa la nini, acha jina lake kwanza, ufuate miguu. Watu waliingia wapi? Walitokea wapi? Sasa, mtu anayeoga huingia na kutoka palepale, ilipo nguo yake. Nani anaingia majini upande mmoja na kutokea mwingine?

Nilimjua anayefanya hivyo: mtu anayebatizwa. Ningekuwa mimi, kama ningekuwa na ujasiri.

Hapa inabidi niungame kitu. Kanisani kwetu tunabatizwa ziwani. Vijana hujipanga majini na kuyapiga kwa makasia ili mamba wasisogee, mchungaji anakushika, unazama, unainuka. Ukitoka tu, wanawake wanapiga vigelegele, wanakufunga chitenge kikavu, wanaanza wimbo. Yote hayo ni mazuri. Shida ni mwanzo wake: kabla ya kushuka lazima useme jina lako kwa sauti, mbele ya umati, na useme kwa nini umekuja. Mafundisho nimeyamaliza mara mbili. Mara zote mbili, siku yenyewe, nimepata homa.

Homa ya kweli. Mwili wangu unajua kunisaidia.

Basi, Ijumaa tulitumwa sisi wasichana kufagia Kanisa la Zamani kabla ya kazi. Ufagio wangu ulikwama chini ya benchi refu la ukutani. Niliinama kuuvuta, nikaona pete ya chuma imepigiliwa ukutani. Kisha nyingine. Na nyingine, safu nzima, nyuma ya mabenchi, kuzunguka ukuta wote. Habari za pete hizo nimezisikia tangu utotoni. Wanasema wamisionari walitundikia taa.

Zilikuwa usawa wa goti langu.

Nilikaa palepale sakafuni na ufagio mapajani. Nani anatundika taa magotini? Nikatazama madirisha, yalivyo madogo, yalivyo juu, mkono haufiki. Nikatazama mlango, ule mmoja tu. Baridi ilinipanda mgongoni, na baada ya baridi, naomba nisamehewe, ikaja furaha. Furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Kanisa halikuwa kanisa. Boma halikuwa boma. Kesho yake watu wangu wangechukua nyundo na kulivunja kanisa lao, ili wakaezeke gereza.

Na aliyejua alikuwa mimi.

Nilimwambia Mama Mukubwa kwanza, jioni, tukikusanya samaki. Aliacha mikono hewani.

"Iyee! Kumbe miaka yote hii tunabatiza chisense?"

Alicheka hadi akajishika mbavu. Kisha akalitazama lile Bafu, akasema niende kwa Ba Pasta, mchungaji wetu. Nilikwenda. Nyumbani kwake walikuwapo wazee na Ba Kabwe, wanapanga nani atabeba nini. Nilisimama mlangoni. Ba Pasta ni mtu mwema, aliniuliza nina shida gani. Nikamwambia Mama Mukubwa anamsalimu.

Anamsalimu! Ndivyo nilivyosema, nikarudi zangu.

Papa alikuwa amefika na boti la jioni. Papa ni mfanyabiashara. Anaweza kumuuzia mvuvi maji ya ziwa. Nilipomweleza, macho yake yaling'aa.

"Acha, mi njo nitasema," alisema. "Weye, sauti yako haivuke hata meza."

Nilifurahi sana. Nililala kama mtoto.

Jana asubuhi watu walijaa Bomani. Samaki walikuwa wameondolewa, vyandarua vimekunjwa. Wanawake walikuwa wamelijaza Bafu maji ya kukandia udongo wa kujengea. Ba Pasta aliomba. Ba Kabwe akatema mate viganjani na kushika nyundo yake ndefu. Hapo Papa akapanda juu ya rundo la matofali.

"Batu ya Mungu, munisikilize! Hii kintu munataka kubomola, iko ya bei! Hamuone hii bafu? Basoda ya muzungu, bakubwa-bakubwa, balikuwa banaoga humu! Touristes batakuja, batalipa!"

Nilihisi ardhi inanimeza. Papa alikuwa ameanza kuuza, na akishaanza kuuza, ukweli huwa unabaki nyuma kama mzigo uliosahauliwa gatini.

"Ba Papa," Ba Kabwe aliitikia, "jana ulituuzia mabati, leo unatuuzia beseni? Basi tupe na sabuni!"

Watu walicheka. Mtu mmoja akauliza kama taulo la basoda nalo lipo. Papa naye akacheka, kwa sababu Papa hawezi kununa, na nyundo ikainuliwa.

Nikasema, "Hapana."

Haikuvuka hata meza.

Nikasema tena. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka kidogo, akadhani napiga chafya.

Sikupanga nilichofanya baada ya hapo. Miguu ndiyo iliyokwenda. Nilipita katikati ya watu hadi ukingoni mwa Bafu, upande wa machweo, nikashuka ngazi na nguo zangu zote. Maji yalikuwa baridi kama kisu. Yalifika magotini, yakafika kiunoni, gauni likaelea. Kicheko kilikatika. Niliinama nikazama kichwa kizima, nikaibuka, nikatembea mbele, nikapanda ngazi za macheo huku maji yananichuruzika, nikatokea juu upande wa pili. Pale watu wote walikuwa mbele yangu, wananitazama usoni.

Na Mama Mukubwa akapiga kigelegele.

Baadaye alisema hakukusudia. Koo lilipiga lenyewe, kama linavyopiga kila mwaka mtu akitoka majini. Kabla hajalizuia, wanawake wawili walikuwa wameitikia, na mmoja alikuwa ameshafungua chitenge chake cha juu na kunizungushia mabegani. Wimbo ukaanza. Ule ule wimbo wa siku zote. Mstari wa kwanza wakauimba wote, wa pili wakauimba wachache, na wa tatu hakuna aliyeufikia. Walikuwa wamesikia walichokuwa wakikifanya.

Nilishika chitenge kifuani, upepo ukivuma.

"Ngazi ni za kupita," nilisema. "Hazikuwa za kuoga. Mtu aliingia kule akiwa mmoja, akatokea hapa akiwa mwingine, na watu walisimama pale mliposimama ninyi, wanamsubiri."

Ilikuwa sauti yangu. Sikuitambua mwanzoni.

Ba Kabwe alishusha nyundo lakini hakukubali kirahisi, na nampenda kwa hilo.

"Mutoto, ziwa lote lile liko pale," alisema akinyoosha kidole. "Mutu mwenye akili ajenge bafu ya kubatizia kando ya ziwa? Kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Kitabu cha shule hakikusema lolote juu ya hilo. Lakini wanawake wa chisense walijibu kabla yangu, kwa pamoja, kama watoto darasani:

"Mamba!"

"Muzungu na ile ngozi yake laini aingie ziwani?" Mama Mukubwa alidakia. "Hata mimi ningejengewa bafu!"

Ba Pasta alicheka hadi akavua miwani. Na mimi nikaendelea kusema. Nilisema madirisha haya mapana si ya ngome, hakuna askari anayejijengea dirisha la kuingilia adui. Nilisema juu ya lile jukwaa la matofali lililo mwisho wa chumba, ambalo kila siku lilijaa samaki, pengine alisimama mhubiri. Nilisema kuna mambo sijui, kwa mfano ni nani hasa waliojenga, na kwamba hakuna kitabu nilichokiona kinachosema habari za kisiwa hiki. Ilibidi nipaze sauti kwa sababu ya upepo, nikapaza. Kisha nikasema, kama hamniamini, tupande kilimani.

Tukapanda. Mimi mbele, gauni linanigandia miguuni, kisiwa kizima nyuma yangu.

Ndani ya Kanisa la Zamani niliomba mabenchi yavutwe. Yalivutwa. Pete zikaonekana zote, safu ndefu, nyeusi. Ba Kabwe alipiga magoti, akaingiza mkono wake katika pete moja, akakaa nao pale chini, mkono wa mtu mzima umelala katika pete kama ulipimwa. Wazee wa kisiwani wanajua habari za babu zao waliokosa kodi wakachukuliwa. Walidhani walichukuliwa mbali.

Papa, ambaye hakosi neno, alivua kofia.

Ba Pasta akasema polepole kwamba anafikiri anaona ilivyotokea. Paa la chini lilianguka kwanza, mvua ikawafukuza waumini, wakakimbilia kuomba katika nyumba tupu ya kilimani. Jina lilifuata maombi. Nyumba ya chini ikabaki bila jina, ikapewa lile lililoachwa kilimani, Boma. Hakuna aliyedanganya. Watu walikimbia mvua tu.

Kisha akamgeukia Ba Kabwe, na wote tulijua anauliza nini.

"Mabati ni yale yale," alisema Ba Kabwe akijifuta magoti. "Matofali tutafyatua mapya. Udongo haujaisha Kilwa. Paa litakaa chini, na kwa kuwa nyumba ya chini ni ndogo, mabati yatabaki."

"Na hapa?" mtu aliuliza.

Niliona Ba Kabwe ananitazama. Mimi! Ananisubiri mimi!

Nikasema hapa pasivunjwe. Pete zibaki zilipo, na mabenchi yasirudishwe, ili mtoto akiuliza ni za nini, asiambiwe tena habari za taa.

Wakakubali. Bila kura, bila kubishana. Ba Pasta alisema "Amina", nyumba ikaitikia "Amina", na ilikuwa amina nzito kuliko zote nilizowahi kuzisikia ndani ya kuta zile.

Nani sasa atakayenieleza kwa nini baada ya amina ile sote tulianza kucheka? Labda ni kwa sababu Mama Mukubwa alishika kiuno akauliza, "Jamani, na samaki wangu? Nimepata kanisa, nimepoteza pa kuanikia!" Ba Kabwe akamwambia juu hapa upepo ni mzuri zaidi, alete chisense kilimani. "Basi sasa wao ndio watafungwa," alisema Mama Mukubwa, na tukateremka wote tukiimba, na safari hii wimbo ulifika mwisho wake.

Walianza kazi mchana ule ule. Nilibeba maji, nilibeba mabati, niliulizwa maswali na kila mtu, na kila mtu nilimjibu. Ndipo sauti ilipokwenda.

Ba Pasta alinikuta nakausha gauni juani.

"Ulijibatiza mwenyewe?" aliuliza, uso mkavu kabisa. "Haihesabiki. Sikusema neno hata moja pale."

"Najua, Ba Pasta."

"Basi lini?"

Nilisubiri homa ije. Haikuja.

"Paa likikamilika," nilisema. "Mle ndani. Niwe wa kwanza."

Nimeyasema. Yameshasikika. Leo naogopa kidogo, sitadanganya. Kushuka majini kwa hasira ni rahisi, watu wakiwa hawakutarajii. Kushuka siku iliyotangazwa, umevaa nguo nyeupe, watu wamekuja kukutazama wewe, hilo bado sijui. Lakini nimeona kitu ambacho sikukijua: watu wale hawakuwa wananisubiri nikosee. Nilipotokea upande wa pili walikuwa tayari na chitenge.

Asubuhi tulivuka kurudi, mawimbi yanapiga, boti limejaa magunia. Papa alimsimulia kila abiria habari za binti yake, na kila aliposimulia, mamba waliongezeka na pete zikawa za dhahabu. Nilijaribu kumsahihisha. Hakikutoka kitu, mlio tu kama wa chura. Akaniinamia, akapiga kelele juu ya injini:

"Nyamaza upumzike! Sauti yako ilivuka ziwa!"

Sasa jua linazama na bati la jikoni halijaacha kugonga. Mwalimu akirudi kuuliza swali shule zikifunguliwa, penseli nitaiweka chini? Nadhani nitaiweka. Na habari za kisiwa chetu, kama hakuna kitabu kinachozisema, ni nani anapaswa kukianza?

Jina langu ni Chilufya. Sijawahi kuliandika hapa. Nimelisema sasa hivi kwa sauti, peke yangu chumbani, kwa mazoezi ya siku ile. Limetoka limekwaruzika. Nimelisema tena, kwa nguvu zaidi, hadi bati limeshindwa.

Mama ameitikia kutoka jikoni.